Hilux ya Gongoni: terminali ilitolewa, kompyuta ikaungua

Gari lilifika kwangu hapa Malindi likivutwa kwa kamba, siku ya Ijumaa kabla ya swala. Hilux ya mwaka 2012, injini ya dizeli ya 2KD-FTV ya lita 2.5, gari la kazi linalopanda na kushuka baina ya mji na mashamba ya chumvi ya Gongoni. Mwenyewe alikuwa ameshapitia kwa mafundi wawili asubuhi ile. Baada ya salamu, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Ami, jana gari limeingia kwa fundi wa kuchomelea likinguruma. Leo ni gogo."

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote na vipimo vyake kwa sababu watu watatu waliohusika walisema kweli tupu, na bado gari likafa. Mwenye gari alisema terminali ya betri ilitolewa kabla ya kuchomelea. Fundi wa kuchomelea, mzee ninayemheshimu kwa kazi yake ya chuma, akasema vivyo hivyo. Kijana aliyeshika spana namba 10 akathibitisha. Ninawaamini wote watatu. Terminali ilitolewa kweli, na kompyuta ya injini ikaungua kweli. Mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja, na mafundi wengi wa mwambao huu hawajaambiwa hivyo.

Kwanza, kwa nini lilichomelewa. Aliyezaliwa pwani hahitaji kuelezwa kutu, lakini kutu ya gari la chumvi ni nyingine. Chumvi inamwagika kutoka kwenye magunia, inaingia matundu ya chasisi, inanyonya unyevu wa hewa na kukaa chepechepe humo usiku kucha. Chuma kinaliwa kutoka ndani, na nje rangi bado iko. Siku unapouona ufa, ujue ndani kumebaki ganda. Kwenye gari hili ufa ulikuwa nyuma kushoto, juu ya kishikio cha springi, mrefu kama kidole cha kati, na mwenye gari aliujua tu kwa sababu gari lilianza kuvuta upande akikanyaga breki.

Fundi akalitia kiraka. Mashine yake ni ya transfoma, ya zamani, inayotoa umeme wa AC. Rodi ya geji 10, yaani milimita 3.2, na yeye anakadiria aliiweka kwenye ampea 120 hivi, kiasi cha kawaida kwa rodi hiyo. Kazi ilichukua alasiri moja. Jioni terminali ikarudishwa, gari likapigwa stata, likazunguka, likakataa kuwaka. Wakadhani dizeli imeingia hewa kwa sababu gari lilikuwa limeinuliwa nyuma. Wakapampu, wakaliacha mpaka asubuhi. Asubuhi betri ilikuwa imekufa kabisa.

Nilianza na betri: volti 4.1. Nikaiweka kando, nikafunga betri yangu ya majaribio yenye volti 12.6, lakini kabla ya kufunga hasi nikapitisha balbu ya kupimia katikati ya nguzo ya betri na waya wake. Funguo iko mfukoni mwangu, milango imefungwa, taa zote zimezimwa. Balbu ikawaka kwa nguvu. Gari lililolala halipaswi kuiwasha hata kidogo. Nikamwambia kijana wangu ang'oe waya mnene wa chanya nyuma ya alteneta, yaani jenereta inayochaji betri, na auzungushie tepu. Alipoutoa tu, balbu ikazima. Kwa hiyo mwizi wa kwanza wa umeme alijulikana ndani ya dakika kumi.

Tulipoifungua alteneta mezani, dayodi ndizo zilizosema. Dayodi nzima ukiipima kwa mita upande mmoja inakupa karibu volti 0.5, ukigeuza ncha za mita haikupi kitu. Katika sita tulizozikuta, moja ya upande wa chanya ilisoma 0.00 kote kuwili, imekuwa kama kipande cha waya. Nyingine ya upande wa hasi ilikuwa inavuja: ilitoa namba mbele na nyuma. Moja ikifa peke yake haimalizi betri, kwa sababu wenzake wa upande wa pili bado wanazuia. Zikiharibika pande zote mbili, umeme unapata njia ya kutoka betri kwenda kwenye mwili wa injini usiku kucha. Hapo ndipo umeme wa betri ulipokwenda.

Lakini alteneta mbovu haizuii dizeli kuwaka ukiwa na betri nzima. Nikawasha swichi. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka. Ninaomba msomaji aikumbuke dalili hii, maana ni ya bure na haihitaji mashine: ukiwasha swichi kabla ya stata, taa ile lazima iwake. Isipowaka, ama balbu yake imekufa ama kompyuta ya injini haiko hai. Nikachomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Pini 16 ina volti 12.6, pini 4 na 5 zina erthi, na mashine bado inasema hakuna mawasiliano.

Fyuzi zote nzima. Rilei kuu, ile swichi ya umeme inayoilisha kompyuta, haigongi. Nikaipitisha rilei kwa waya ili kompyuta ipate umeme kwa lazima, kisha nikapima waya wa volti 5 unaokwenda kwenye pedali ya mafuta. Volti hizo 5 hutengenezwa na kompyuta yenyewe kwa ajili ya sensa zake. Nilipata sifuri. Sensa moja iliyoungua inaweza kuzivuta chini, kwa hiyo tukazichomoa moja moja: ya pedali, ya reli ya dizeli, ya hewa. Bado sifuri. Erthi za kompyuta zilikuwa nzima mpaka kwenye injini. Hapo hakukuwa na pa kukimbilia tena, tukaitoa kompyuta nyuma ya boksi la mbele ya abiria na kuifungua.

Harufu ilitangulia. Chini ya taa, karibu na pini za erthi, mstari mmoja wa shaba ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia na kuinuka juu ya ubao, umejikunja kama ganda la kitunguu lililokauka. Hata asiyejua vifaa vidogo vya umeme angeuona. Mstari ule umeumbwa kubeba umeme wa sensa na rilei. Kitu kikubwa kilipita pale.

Sasa swali lenyewe: kilipitaje, ikiwa betri ilikuwa imetengwa?

Nilirudi kwenye gari bila spana, macho tu. Nilipitisha mkono kwenye waya wa hasi wa betri. Kwenye magari mengi ya Toyota kichwa cha terminali ya hasi kina mikia miwili: mmoja mnene unaokwenda kwenye injini, wa pili mwembamba unaofungwa kwa bolti kwenye bati la bodi, karibu tu na betri. Ule mnene ulikuwa mzima. Ule mwembamba, gamba lake la plastiki lilikuwa limefura na kunyauka, na karibu na bolti limeyeyuka likagandamana na shaba. Nikafungua bolti. Chini yake kulikuwa na kutu ya kijani ya siku nyingi, ya chumvi, na katikati ya kijani doa jeusi jipya.

Ukikitoa kichwa cha terminali kwenye betri na kukiweka pembeni, injini na bodi hazijatengana. Mikia ile miwili bado imekamatana kwenye kichwa kimoja, hewani. Betri imetoka njiani, lakini daraja kati ya injini na kabini limebaki vilevile.

Nikamwuliza fundi wa kuchomelea alipobana klampu ya erthi. Alifikiri kidogo, akanijibu bila kuficha: mwanzo aliibana kwenye chasisi, lakini chasisi ilikuwa na lami na kutu, moto ukawa unakohoa, rodi inaganda. Waya wake wa erthi pia ni mfupi. Akatafuta chuma kisafi. Chuma kisafi kilichokuwa karibu ni kile kipande cha kufungia mlango wa dereva, kimelainishwa na mlango kila siku, kinang'aa. Tukaenda kukitazama pamoja. Alama za meno ya klampu zilikuwa pale, na kando yake chunusi mbili za cheche.

Mlango uko kwenye kabini. Ufa uko kwenye chasisi. Kwenye pikapu ya aina hii kabini imekalia mipira, na injini nayo imekalia mipira. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo ampea 120 zilizoingia kwenye chasisi kwa rodi zilitakiwa zirudi kwenye klampu iliyoko kabini, na njia kubwa ya kufika huko haikuwepo. Zikajitafutia. Fundi fulani wa zamani aliongeza utepe wa shaba kati ya chasisi na injini, wengi hufanya hivyo taa zikififia. Umeme ukapanda kwa utepe huo mpaka kwenye injini, na kutoka injini ukauvamia ule mkia mwembamba wa betri ili uingie bodi. Kiasi kingine, sina shaka, kilipita kwenye mabomba ya breki, propela (ile shafti ndefu ya kwenda ekseli ya nyuma) na mhimili wa usukani, kila njia kwa uwezo wake. Mabomba ya breki niliyakagua yote kwa tochi, kwa sababu bomba likitoboka kidogo tu utalijua siku unapokanyaga na pedali ikazama.

Nilitaka namba, si kudhani. Nilifunga mkia ule ule mbovu jinsi ulivyokuwa, nikawasha taa kubwa za mbele. Balbu mbili za wati 55 zinakula karibu ampea 9, na umeme wao unarudi betri kwa mkia huo. Nikapima kati ya nguzo ya hasi ya betri na bati la kabini: volti 0.9. Kiungo kizuri hakipotezi zaidi ya volti 0.1 au 0.2 hapo. Gawanya 0.9 kwa 9, unapata ukinzani wa omu 0.1. Sehemu ya ukinzani huo huenda ilizaliwa na ule moto wenyewe, lakini kutu ya kijani haikuwa ya jana. Sasa pitisha ampea 120, tuseme zote zimepita hapo, penye omu 0.1: zinazaliwa volti 12 kati ya injini na kabini. Na hiyo ni wakati rodi inachoma kwa utulivu. Kila inapoguswa na kuinuliwa, cheche ikikatika, volti zinaruka juu zaidi kwa kishindo. Mashine kama ile, rodi ikiwa hewani, inakaa kwenye volti 50 hadi 80.

Ndani ya tofauti hiyo ndimo ilimokuwa kompyuta. Erthi zake nene zimefungwa kwenye injini, lakini yenyewe inaishi kabini, na waya zake nyingi zinaishia kwenye vitu vya kabini. Mkono mmoja injini, mkono mwingine kabini. Na dayodi za alteneta zimepangwa ziruhusu umeme kutoka mwili wa injini kwenda waya wa chanya na kuuzuia usirudi. Injini ilipoinuka juu ya kabini, dayodi zikafunguka zenyewe, umeme ukaingia waya mkuu wa chanya, ukashuka boksi la fyuzi na kutafuta njia ya kabini kupitia chochote kilichounganishwa. Umeme wa AC wa mzunguko wa 50 hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo mara hii unasukumwa hivi, mara ile unavutwa vile. Alasiri nzima.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu, na limeshanigombanisha na mafundi wenzangu. Wapo wanaosema, basi betri ibaki imefungwa, ingemeza ile miruko. Hapana. Betri hutoa haidrojeni, na cheche karibu nayo inaweza kuilipua usoni mwako. Betri itoke. Ila anayetoa terminali asijione amemaliza kazi. Vilevile vipo vile vijisanduku vinavyobanwa kwenye nguzo za betri kwa madai kwamba vinalinda gari zima wakati wa kuchomelea. Kwenye kisa hiki kisingesaidia kitu, kwa sababu umeme haukuingia kwa mlango wa betri.

Matengenezo nitayapitia haraka. Alteneta ilipata ubao mpya wa dayodi. Kompyuta ya zamani haikufaa kutengenezwa. Tulipata iliyotumika Mombasa yenye namba ileile ya kipande, kisha data ya funguo ikahamishwa kutoka kwenye ile iliyoungua, maana bila hivyo gari halimtambui mwenyewe. Namba za urekebishaji zilizochapwa juu ya kila nozeli nazo zikaingizwa. Mkia mwembamba nikautupa, nikaweka mnene zaidi, bati likasuguliwa mpaka likang'aa na kupakwa grisi baada ya kufungwa. Taa kubwa zikiwaka, kipimo kilishuka kutoka volti 0.9 hadi 0.06. Ukihesabu pamoja na siku gari lililolala, mwenyewe alipoteza fedha ambazo zingemtosha kununua kipande kizima cha chasisi.

Kiraka chenyewe kilikuwa hakijashika. Chuma kiliyeyuka juu ya kutu, na kwa nyundo tu kilitoa sauti ya debe. Ilibidi kirudiwe, na mzee akaniomba niwepo. Nilikwenda kwake Jumatatu asubuhi kabla jua halijawa kali, na kazi ilikwenda hivi.

Funguo ilitolewa. Hasi ya betri kwanza, kisha chanya, na betri yenyewe ikabebwa mpaka kivulini mbali na cheche. Tukangoja. Toyota wanataka zaidi ya sekunde 90 kupita baada ya kutoa hasi kabla ya kugusa chochote cha mifuko ya hewa (airbag), kwa sababu mfumo wake unaweka akiba ya umeme. Sisi tulingoja muda wa kunywa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata. Vichwa vya waya vikafungwa kila kimoja kwa kitambaa chake ili visigusane wala kugusa bodi. Nikafungua mkia wa bodi kwenye bolti yake, na ule utepe wa chasisi na injini. Hapo ndipo daraja lilipovunjika hasa. Plagi za kompyuta zikachomolewa, na waya wa alteneta pia.

Kisha tukahamia nyuma. Mzee alichukua grainda akaisugua chasisi sehemu mbili: kandokando ya ufa, mpaka akakipata chuma kizima, na sehemu nyingine upana wa kiganja, sentimita 15 hivi kutoka hapo, kwenye chuma kilekile. Pa pili ndipo pa klampu. Nilipima kwa mita kati ya klampu na ufa, ikasoma sawa na ncha za mita zikigusana zenyewe. Kisha nikapima kati ya klampu na kabini: njia iliyokuwa wazi Alhamisi ilikuwa imebaki nyembamba mno, na umeme sasa ulikuwa na barabara pana fupi ya kwenda nyumbani. Waya wa taa za nyuma tuliulegeza na kuusogeza, bomba la dizeli tukalifunika kwa gunia lililoloweshwa, ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto vikawekwa mkononi mwa kijana ambaye kazi yake ilikuwa kutazama tu. Waya wa mashine haukulazwa juu ya waya wa gari wala kuviringishwa kando yake.

Rodi ya kwanza ilishika bila kukohoa. Mzee aliinua kofia ya kuchomelea, akaitazama klampu, kisha akanitazama, akasema, "Kumbe ule moto mbovu ulikuwa unaniambia." Neno lile limenikaa. Kwa kweli moto unaokohoa ni kipimo: unamwambia fundi kwamba umeme wake unahangaika kurudi. Kuhamisha klampu kwenda chuma cha mbali kinachong'aa kunautuliza moto na kulihamishia gari mahangaiko. Dawa ni grainda, hapo hapo karibu na ufa.

Kulikuwa na swali la nani alipe. Mwenye gari alitaka mzee abebe yote, na sauti zilipanda kidogo. Mimi nilieleza nilichokipima: klampu ilikuwa mahali pabaya, lakini kiungo cha bodi kilichooza kilikuwa cha gari, na kama kingekuwa kizuri, huenda madhara yangekuwa madogo. Sikusema mzee hana kosa. Walimalizana wenyewe kwenye kibao cha kahawa: mzee akarudia kazi ya chasisi bila malipo na kuchangia alteneta, mwenye gari akabeba kompyuta.

Nilibaki na wasiwasi mmoja, nikamwambia mwenye gari waziwazi. Umeme uliopita kwenye propela na ekseli umepita kwenye beringi, na cheche ndogo kati ya gololi na njia yake huacha vishimo visivyoonekana, vinavyokuja kulia baadaye. Nilimwomba arudi baada ya mwezi. Alirudi wiki ya sita akitokea Gongoni, magunia bado nyuma. Tuliinua gari, tukazungusha gurudumu moja moja kwa mkono, sikio likiwa kwenye ekseli. Tatu zilikuwa kimya. Ya nyuma kushoto ilikuwa na mkwaruzo mdogo, kama mchanga ndani ya chungu. Kwa gari linaloishi kwenye chumvi siwezi kuapa kwamba ni ile alasiri ya Alhamisi iliyoileta. Tuliibadilisha siku hiyohiyo, na akaondoka kabla ya alasiri.